Pima Tatu za Babu

Tarehe 6 Septemba

Babu, mume wangu wa kwanza na mwenye wivu kuliko wote,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala, na kazini bado hawajanifukuza. Mke mwenzangu Bibi hajambo? Mwambie kile kitambaa cha meza alichonishonea, chenye maua ya bluu, ndicho kinachositiri aibu ya meza yangu, na kila anayeingia chumbani anauliza nimekinunua wapi. Na Mjomba Mlingoti, bado anagonga paji la uso kwenye mlango wa jiko kila asubuhi? Mwambie ainame tu, mlango haukui.

Hoteli wamenipa sare mpya. Hadithi ni ileile: nikinyoosha mikono kufunga maua juu ya kioo cha mapokezi, mikono ya shati inarudi hadi karibu na viwiko. Fundi cherehani alinizunguka na futi yake, akasema, "Dada, wewe ulistahili kitambaa cha watu wawili." Nikamwambia alalamikie ukoo.

Sasa kaa chini, Babu. Umekaa? Mwaka huu hoteli itasimamisha mti wa Krismasi wa kweli, na utatoka shambani kwako!

Ngoja nianze mwanzo kabla sijapasuka. Kila Desemba ukumbini hapa husimama mti wa plastiki. Nimeuona stoo, umejikunja kama mwavuli uliokanyagwa na unanuka ndoo mpya. Jana meneja alituuliza kama kuna mwenye wazo la kupamba ukumbi. Mkono wangu ukanyooka wenyewe, na mkono wangu ukinyooka hauna pa kujificha. Nikasema babu yangu anapanda miti ya Krismasi tangu sijazaliwa, na kwamba mtu akishasikia harufu ya mti uliokatwa juzi, plastiki hataitazama tena.

Meneja wetu tunamwita Bi Kitambaa, kwa kuwa hatembei bila kitambaa cheupe cha kupimia vumbi. Alinitazama mpaka nikajuta kuzaliwa. "Mti ukikatwa umekufa," akasema. "Wako ukipukutika kwenye zulia langu kabla ya mwaka mpya, utatolewa kwa mlango wa taka, na wewe utaufuata." Hatanii, Babu. Niko kwenye majaribio mpaka Desemba iishe. Mti ukisimama mbichi, mimi ndiye mpambaji wa hoteli nzima, ukumbi, vyumba na bustani. Ukipukutika, narudi sokoni kufunga mafungu ya waridi.

Fundi umeme wa hapa alinishikia ngazi nikapima ukumbi. Mita najua huzitaki, unasema hujui kwao. Lakini pima yako naikumbuka tangu nilipokupimia lile koti, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, mikono yote imenyooshwa. Kwa hiyo naagiza hivi: mti wa pima tatu, pima zako, na juu itabaki nafasi ya nyota. Unao? Na nifanyeje usipukutike? Nijibu upesi, roho yangu iko juu juu.

Mke wako mdogo


Tarehe 1 Oktoba

Mke wangu mrefu,

Marahaba. Mke mwenzio hajambo, anakusalimu na anasema usimwagie chai kile kitambaa. Mjomba wako amegonga kichwa leo pia. Mbuzi wamezaa. Mwandiko usikushangaze, ni kalamu hii mbovu, inateleza. Na kuchelewa kusikushangaze, tulikuwa na shughuli.

Usinipigie simu kwa jirani. Maneno ya simu hayana kiporo. Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaipasha tena jioni, na bado ni tamu. Nilicheka peke yangu mpaka Bibi yako akaja kuona kama nimepatwa na kitu. Mti wangu kusimama kwenye ukumbi wenye zulia! Miaka yote hii nimeuza kwa watu wanaoutupa juu ya gari bila hata kuutazama usoni.

Nimeshauchagua. Uko mstari wa tatu, karibu na lile jiwe ulilokuwa unakalia ukila mapera. Wewe ulipoondoka nyumbani, mti huu ulikuwa unanifika kifuani. Sikiliza nilivyouchagua, siku moja utachagua mwenyewe. Mti ni kama mchumba, usimsifie akiwa amesimama tu. Shika tawi karibu na shina, uvute mkono kuelekea kwako taratibu. Sindano, yale majani yake membamba, zikibaki tawini, mti mzima. Zikibaki mkononi, mwage kwa heri. Kisha kunja sindano moja. Mbichi inakubali kukunjwa na inanuka. Iliyochoka inavunjika, haisemi kitu. Halafu chungulia ndani, kule shinani ambako muuzaji hapendi uchungulie. Ukavu kidogo huko ni uzee, kila mtu anao. Ukavu kwenye ncha za matawi ni ugonjwa.

Huu wako nimeutingisha, nimeuvuta, nimeukunja. Mzima kama ng'ombe. Nitaukata mwenyewe kwa mkono wangu, pima tatu, siku chache tu kabla ya safari. Atakayekwambia mti ukatwe mapema ili uwe tayari, huyo anakuuzia kuni.

Na huyo fundi umeme aliyekushikia ngazi, hoteli nzima haina ukuta wa kuegemeza ngazi?

Mume wako


Tarehe 20 Oktoba

Babu mwenye wivu,

Shikamoo. Hongera kwa mbuzi. Mimi nimehamia chumba cha juu, kina dirisha kubwa, na jirani yangu ni mama mpiga chapa wa ofisi moja anayeimba akifua. Anaimba vibaya lakini kwa moyo.

Barua yako naisoma kwenye mapumziko ya chakula mpaka inaanza kulainika. Nimewasomea wenzangu pale penye mchumba na sindano, na sasa jikoni wanavutana mikono wakiulizana nani mbichi.

Kazi imeanza! Fundi wa kuchomea vyuma ametengeneza kitako cha mti chenye beseni pana ndani, na skrubu nne za kubana shina. Nikajaza maji, nikakaa kulitazama kama mtu aliyenunua gari.

Vita ilikuwa mahali pa kuuweka. Bi Kitambaa alitaka dirishani, ili watu wa barabarani wauone. Lakini pale jua la mchana linapiga mpaka viti vinachoma. Akasema basi karibu na lifti. Pale tena kuna tundu la kiyoyozi. Fundi umeme alinishika mkono akaupeleka chini ya lile tundu ili nihisi upepo unavyokausha ngozi, nami nikamwambia Bi Kitambaa aje ahisi mwenyewe. Alikuja, akahisi. Kesho yake tukapewa kona ya ngazi kuu, penye ubaridi, na mtu akishuka anauona mti kuanzia kileleni.

Taa za zamani pia tumezikataa. Fundi umeme aliziwasha, akanipa nishike, nikaruka. Zinachoma kama kaa la moto. Amepata nyingine zisizopata joto, na ananifunga moja moja kwenye waya. Namaanisha anazifunga taa.

Nataka pia matawi ya kupamba mlango na reli ya ngazi. Yanakaa muda gani? Unayatunzaje?

Halafu, Babu, mwandiko wako. Kalamu mbovu naijua, inakwaruza na kuacha madoa. Haifanyi herufi zote zilale upande wa kushoto. Na ni shughuli gani hiyo ya Septemba? Septemba hamvuni kitu.

Mke wako


Tarehe 14 Novemba

Mke wangu,

Marahaba. Tuko salama. Bibi yako anakohoa kidogo lakini sauti ya kunigombeza bado anayo. Mjomba ametengeneza paa la banda.

Shughuli ni shughuli, nyumba haikosi shughuli. Na upepo wa kiyoyozi mtu anaweza kuuhisi bila kushikwa mkono.

Mti utaondoka hapa mwisho wa mwezi, juu ya lori la kabichi. Dereva ni mtu mzima, namjua. Mti utakuja umefungwa kamba matawi yote yakiwa yameinuka, na shina lake ndani ya gunia la maji. Ukifika, haya ndiyo maneno, uyashike.

Kabla ya kuusimamisha, kata kitako upya, unene wa vidole viwili, msumeno uende sawa, usipinde. Njiani ule mkato wa kwanza unafunga. Mti una utomvu, na utomvu ndio unaoponya kidonda chake. Sisi hatutaki kipone, tunataka kinywe. Ukishakata, maji mara moja, usiende kwanza kusalimiana na watu. Siku ya kwanza mti utakunywa mpaka ushangae. Usiuache ukakaukiwa hata mara moja. Maji yakishuka chini ya mkato, kidonda kinafunga mdomo, na hapo hata ukileta mto mzima haunywi tena, labda uushushe mti na kukata upya. Watu watakushauri sukari, watakushauri soda, sijui vidonge vya kichwa. Mti hauumwi kichwa. Maji matupu.

Matawi ya mapambo, yalaze kwenye maji usiku mmoja, yote, yazame. Kisha yafunge kwa gazeti lenye unyevu mpaka siku ya kuyafunga shada. Yaliyo mlangoni yanyunyizie kila asubuhi. Yakianza kupauka, yatoe bila huruma, tawi moja kavu linachafua sifa ya shada zima.

Nimechoka kuandika. Kalamu.

Mume wako


Tarehe 2 Desemba

Babu! Babu! Babu!

Shikamoo, Bibi shikamoo, pole na kikohozi, Mjomba hongera kwa paa, sote wazima, sasa nisikilize!

Umefika! Lori liliingia kwa mlango wa nyuma jana asubuhi wageni wakiwa kwenye chai. Dereva alipofungua turubai ile harufu ikashuka kabla ya mti. Nilikuwa nimejiandaa kuwa mtu mzima. Badala yake nikaweka uso kwenye matawi nikalia mbele ya wapishi. Ilikuwa harufu ya ule mstari wa tatu, jiwe na mapera na wewe unakohoa kwa moshi wa kiko. Wageni walitoka na vikombe mkononi kuja kuangalia. Mzee mmoja mwenye suti alivuta tawi taratibu kuelekea kwake, akatazama kiganja, kikawa kitupu, akanikonyeza. Sijui nani alimfundisha.

Wanaume sita wakaubeba. Nikakata kitako unene wa vidole viwili, msumeno sawa. Tukauingiza kwenye beseni, tukauinua, moja, mbili, tatu, na kileleni nikasikia krrr.

Ulikuwa umegonga dari, na kilele kilikuwa kimepinda kama mtu aliyeingia kwenye hema. Nyota ingebidi tuitundike ubavuni. Bi Kitambaa alishuka ngazi polepole, akafika akasimama, akatazama juu, akanitazama mimi. "Ulipima wewe mwenyewe?" akauliza. Nikauona mlango wa taka ukinifungukia.

Nikachukua futi. Ulikuwa umezidi kuanzia sakafuni hadi juu ya goti langu. Kilele hakikatwi, mti ukikatwa kilele unakuwa kichaka. Basi tukaulaza, nikapiga msumeno chini, na matawi yote mapana ya chini yakatoka. Fundi umeme alikalia shina lisicheze. Safari hii uliposimama ulisimama hasa, nyota ikapata nafasi yake, na maji yakaanza kushuka kwenye beseni tukiyatazama kwa macho. Leo nimeongeza ndoo mbili tangu asubuhi. Unakunywa, Babu, unakunywa!

Na yale matawi? Nimejaza karo kubwa la dobi, yamelala humo usiku mzima. Leo nimefunga shada kwenye kila mlango wa ghorofa ya kwanza, na koja moja refu kwenye reli ya ngazi kutoka juu hadi chini. Nisingekuwa nayo kama mti ungekuja kwa kipimo. Bi Kitambaa alipita akipapasa reli kwa kitambaa chake kama kawaida, akakitazama kama kina vumbi. Halafu akakinusa. Kisha akakikunja akakitia mfukoni. Nilimwona, hakuniona.

Sasa nakuuliza jambo moja, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Pima tatu zako hazijawahi kuzidi hata kidole. Miti yote uliyowahi kuuza kwa pima ilikwenda ikaingia. Huu umepimwa kwa mikono mirefu, na katika nyumba ile mwenye mikono hiyo ni mmoja, naye hugonga kichwa kila asubuhi. Uliniandikia utaukata mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, Babu, lakini mti wake umekuja mrefu.

Mkono wako una nini?

Mjukuu wako


Tarehe 13 Desemba

Babu,

Shikamoo. Mti mzima. Mashada mazima, nayanyunyizia kila asubuhi. Wageni wanapiga picha.

Dereva wa kabichi amepita tena. Nimemuuliza habari zako akaanza kunieleza bei ya kabichi. Mtu mzima haongei kabichi kwa bidii hivyo kama hana anachoficha. Jibu lako halijafika, na barua hii nampa yeye akukabidhi.

Nimeuliza ratiba ya mabasi. Mficha maradhi, kilio humfichua, wewe ndiye uliyenifundisha maneno hayo. Kama Jumatatu ijayo sina barua, nakuja, mti utajijua wenyewe.

Mjukuu wako


Tarehe 16 Desemba

Mke wangu mkorofi,

Marahaba, na usithubutu kupanda basi.

Barua hii nampa dereva akupe mkononi, nimemruhusu aache habari za kabichi. Bibi yako amekaa hapa pembeni. Amesema nikidanganya tena nitajipikia, na anachungulia kila mstari.

Mwisho wa Agosti nilikuwa juu ya ngazi, nasawazisha matawi ya juu. Ngazi ikaenda upande wake, mimi nikaenda upande wangu. Bega la kulia lilitoka na mfupa ukavunjika. Barua zote hizi nimekuandikia kwa mkono wa kushoto, nikiuma ulimi kama mtoto wa darasa la kwanza. Mkono umefungwa shingoni kwa kile kitambaa chenye maua ya bluu kilichobaki kilipokatwa cha meza yako. Kwa hiyo meza yako na mimi tumevaa sare.

Siumwi tena, hilo ni kweli, Bibi anatikisa kichwa kukubali. Daktari anasema mkono utashika kikombe, utashika kalamu, utashika hata kisu kidogo. Ila kunyooka mpaka mwisho, hautanyooka tena. Nitakwambia ukweli, hilo liliniuma kuliko mfupa. Shamba zima nimelipima kwa mikono hii. Sasa mtu akiniambia pima moja, mimi ninayo nusu.

Kwa nini sikukwambia? Nakujua. Ungesoma mstari wa kwanza, ungefunga mkoba, na kesho yake ungekuwa hapa unanipulizia uji. Na pale ukumbini wangesimamisha lile dude linalonuka ndoo. Uliandika kwa furaha ambayo sijaiona tangu ulipokuwa mdogo. Sikutaka bega la mzee liingie katikati. Ukitaka kukasirika, kasirika, lakini kasirika ukiwa unaongeza maji kwenye beseni.

Mjomba wako ndiye aliyekata. Mimi nilikaa kwenye kiti mwisho wa mstari, natoa amri kama jemadari. Alipoulaza na kuanza kupima, nilihesabu naye kwa sauti, moja, mbili, tatu, nikaridhika kabisa. Mikono ya kuhesabia ilikuwa ya nani, wala haikunipitia kichwani. Barua yako ilipofika Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamrudia. Mjomba hajacheka, anasema yeye pia ana pima yake na ni pima halali.

Ndani ya bahasha kuna kamba. Wakati napanda mstari wa kwanza, kabla mama yako hajaolewa, nilijipima mikono nikatia mafundo, kila fundo na fundo pima moja, ili miti isisongane. Ile kamba nilidhani imepotea. Kumbe Bibi yako anaanikia nguo miaka yote hii, na nimekuwa nikipita chini yake. Nimekukatia kipande kimoja, fundo hadi fundo. Ndiyo pima yangu ya ujana, kamili. Mwakani ukiagiza mti, mpe atakayekata. Mimi nimeshaiweka chini.

Halafu huyu fundi umeme. Alishika ngazi, akashika mkono, akafunga taa, sasa amekalia mti wangu. Katika barua zako anatajwa kuliko mimi mume halali. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ana jina? Ana ngazi yake mwenyewe? Kwa sababu ngazi yangu ilivunjika.

Mume wako wa mkono wa kushoto


Tarehe 2 Januari

Babu yangu,

Shikamoo. Bibi shikamoo, na asante kwa kuchungulia mistari, endelea hivyohivyo. Mjomba, nakutambua na pima yako. Bila pima yako nisingekuwa na majani ya kutosha hata mlango mmoja, na ghorofa nzima ilinuka vizuri kwa sababu ya mikono yako mirefu.

Nilikasirika, Babu. Nilikasirika nikiwa nimepiga magoti naongeza maji, kama ulivyoagiza, na machozi mawili matatu yaliingia kwenye beseni. Kama mti umeonja chumvi, ni wewe. Usinifiche tena. Mimi si mgeni wa kuonyeshwa sebule tu.

Sasa habari. Jana asubuhi, mwaka wenyewe haujaamka vizuri, Bi Kitambaa aliita wafanyakazi wote ukumbini. Akatandika kitambaa chake cheupe kwenye zulia, chini ya mti. Akashika tawi mwenyewe na kulitingisha. Zilidondoka sindano chache, mtu angeweza kuzibana kwa vidole viwili. Akazikusanya ndani ya kitambaa, akakifunga fundo. "Hizi nakwenda nazo nyumbani," akasema. "Na ile plastiki ya stoo mwenye kuitaka aichukue." Kisha akanigeukia. "Krismasi ijayo nataka miti miwili. Na sare yako ishonwe upya, mpambaji wangu mkuu hatembei na mikono ya shati kwenye viwiko."

Babu, nilipiga kelele. Nilimkumbatia mpishi mkuu, nikamkumbatia dobi, nikamkumbatia yule mzee wa suti ambaye alikuwa anapita tu kwenda kunywa chai. Na ndiyo, nikamkumbatia fundi umeme, na huyo sikumwachia upesi.

Haya basi. Lipo. Nilitaka ulisikie ana kwa ana, ndiyo maana nilikuwa nakuletea kidogokidogo, kipande kwa kipande. Ana jina, atakutajia mwenyewe. Ana ngazi yake, ya chuma, na anasema hiyo ndiyo zawadi atakayokuja nayo. Tunafika Jumamosi ya wiki ijayo. Anatetemeka. Nimemwambia mume wangu ni mkali lakini kwa sasa ana mkono mmoja.

Limebaki moja, nalo limenikosesha usingizi kwa furaha.

Kamba yako niliitoa kwenye bahasha jioni ileile aliponipa dereva, lakini sikuthubutu kuifungua. Niliona kama nimepewa kitu cha marehemu, na wewe u hai unanitukania fundi wangu. Jana, baada ya yale yote, nilirudi chumbani nikiwa bado na lile shati lisilotosha. Nikaona niijaribu tu pima yako kwenye mikono yangu mwenyewe. Nikabana fundo moja kwenye ncha za vidole vya kushoto, nikanyoosha mikono yote miwili mpaka mwisho, nikavuta kamba kifuani.

Fundo la pili liliingia kwenye ncha za vidole vya kulia. Halikuzidi, Babu. Halikupungua. Nikadhani nimekosea, nikaenda kumwita jirani yangu anayeimba, akanibania fundo moja kwenye ncha za vidole vya kushoto nami nikanyoosha mikono nikashika la pili, tukapima tena mbele ya dirisha. Ni ileile.

Kwa hiyo kipande hiki nakirudisha, mpe Bibi akiunge tena aanikie nguo. Mjomba aweke panga chini. Na wewe toa kiti chako mpaka mstari wa tatu, nikija twende tukachague ile miwili ya Krismasi ijayo, wewe uvute tawi kwa mkono wa kushoto, mimi nitapima. Mikono yako haijapotea. Ninayo mimi.

Mke wako